Muuguzi wa kijiji: kazi ilitangulia, mafundisho yakafuata

Mgonjwa anapobisha usiku kwenye mlango wa misioni, padri humtuma kwa nani? Mara nyingi si kwa daktari, kwani daktari yuko mbali. Humtuma kwa muuguzi wa kituo cha afya, yule infirmie ambaye watu wote wa kijiji humwita «munganga». Jina hilo ni la heshima, lakini pia ni mzigo. Tuangalie namna gani alipata kuubeba.

Mwaka 1905, huko Kasongo katika Maniema, alikufa daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton. Alikuwa amekuja Kongo kuchunguza malale, ndiyo ugonjwa wa usingizi. Homa ya kupe ikamwua. Ugonjwa wa usingizi wenyewe ulizidi kumaliza vijiji. Serikali ya Wabelgiji ikatuma vikosi kupita kijiji kwa kijiji. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakatolewa damu, wakachomwa sindano. Madaktari walikuwa wachache mno kwa kazi hiyo, basi vijana Wakongo wakafundishwa kushika darubini na sindano. Hao ndio babu za wauguzi wetu. Walifundishwa kutenda, hawakufundishwa sana sababu ya kutenda. Wengine waliogopwa na ndugu zao wenyewe, kwani dawa ya atoxyl iliwapofusha wagonjwa wengine.

Masomo yalikuja polepole. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha kazi yake ya uganga huko Kisantu, ambayo iliitwa FOMULAC. Mwaka 1936 shule ya wasaidizi wa madaktari ilifunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Hao walisoma miaka mingi, na walijua mengi. Lakini jina la daktari hawakupewa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, hakukuwa na Mkongo hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Madaktari wengi wa Ubelgiji wakaondoka. Ni nani aliyebaki na wagonjwa? Msaidizi na muuguzi. Wasaidizi makumi kadhaa walitumwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi madaktari. Muuguzi wa kijiji alibaki pale pale, na kazi yake ikaongezeka.

Kumwachia mtu kazi kubwa peke yake, bila mafundisho wala vyombo, kunaweza kuleta nini? Yambuku ilionyesha mwaka 1976. Hospitali ya misioni hiyo haikuwa na daktari. Kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa. Zilisuuzwa kwa maji, kisha zikatumiwa kwa mgonjwa mwingine. Ugonjwa mpya, Ebola, ukapita katika sindano zile. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Tusiwahukumu marehemu hao, kwani walikufa wakihudumia. Lakini tusiseme kwamba moyo mwema unatosha. Mkono wa mapendo nao unahitaji kujua.

Sasa turudi Kasongo. Mwaka 1971 madaktari wa shule ya Antwerpen, katika Ubelgiji, walianza huko kazi ya namna nyingine. Kituo cha afya kiliwekwa mikononi mwa muuguzi. Alipewa maagizo yaliyoandikwa: mtoto akikohoa, uliza hili, tazama lile, toa dawa hii, ukiona alama hii, mpeleke hospitalini. Daktari alimtembelea mara kwa mara, si kama askari anayetafuta makosa, bali kama mwalimu. Wakaaji nao walikaa katika komite na kusema neno lao. Ndipo muuguzi alipoacha kuwa mkono tu. Akawa kichwa cha nyumba yake.

Mambo ya Kasongo na ya mahali pengine yalisaidia kuipanga nchi nzima. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zone za afya 306. Leo zimepita 500. Kila kituo cha afya kina muuguzi mkubwa wake.

Lakini karatasi haifundishi mtu. Yuko muuguzi ambaye anapitisha miezi bila mshahara na bila kutembelewa, na masomo yake ya mwisho ni yale ya siku ya diploma. Nanyi makatekista mnajua jambo hili vizuri: katekista aliyetumwa mbali bila mkutano wala kitabu huanza kusahau, halafu huanza kubuni.

Basi, wewe unayekaa katika komite ya afya ya parokia yako, usihesabu vidonge tu katika kabati. Uliza pia: Muuguzi wetu alitembelewa lini? Ni nani aliyemfundisha jambo jipya mwaka huu? Wanaolala salama usiku kijijini wanategemea jibu hilo.