Ganzi ya Mbavu Zilizovunjika na Hospitali za Wilaya kama Gisenyi

Ubavu uliovunjika haufungiki plasta kama mkono, kwa sababu kifua hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Mgonjwa anayeumia huvuta pumzi fupi na kuogopa kukohoa. Makohozi hubaki mapafuni, na nimonia hufuata. Kwa hiyo kutuliza maumivu ni sehemu kuu ya tiba.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wengi walikizungushia kifua bandeji ya kunata. Maumivu yalipungua, lakini pumzi nayo ilibanwa, na njia hiyo ikaachwa. Wakati huohuo ganzi ilikuwa ikiendelea kukua tangu Carl Koller alipoonyesha, mwaka 1884, kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Hugo Sellheim alidunga neva kando ya uti wa mgongo mwaka 1905, na Heinrich Braun akaeleza mwaka 1907 jinsi ya kuziba neva zinazopita chini ya kila ubavu. Lidokaini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Bupivakaini, ambayo hudumu kwa saa nyingi zaidi, ilifuata mwaka 1957.

Njia hizo zilikuwa na gharama yake. Mbavu tano zilihitaji sindano tano, kila moja karibu na pafu. Epidurali, yaani ganzi inayodungwa kwenye nafasi inayozunguka uti wa mgongo, ilituliza eneo pana, ila iliweza kushusha shinikizo la damu, hivyo mgonjwa alihitaji kuangaliwa usiku na mchana.

Ultrasaundi, inayomwonyesha daktari sindano inakokwenda, ilibadilisha hesabu. Rafael Blanco na wenzake walieleza mwaka 2013 ganzi ya ubavuni mwa kifua, na Mauricio Forero na wenzake mwaka 2016 ile ya mgongoni, ambapo dawa ya sindano moja husambaa kati ya misuli na mfupa, mbali na pafu.

Lakini njia hizo huhitaji watu waliofunzwa. Nchini Rwanda, mauaji ya kimbari ya 1994 yaliacha wataalamu wachache mno wa usingizi. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilifundisha mafundi wa usingizi, na mwaka 2006 mafunzo ya madaktari bingwa yakaanza kwa msaada wa Kanada. Hadi leo, katika hospitali za wilaya usingizi hutolewa zaidi na wataalamu wasio madaktari. Gisenyi, mji wa mpakani unaopakana na Goma nchini Kongo na wenye pilikapilika za pikipiki na malori, uko takriban kilomita 150 kutoka Kigali kwa barabara. Katika mazingira ya namna hiyo, ganzi ya sindano moja humfaa mgonjwa kuliko epidurali, mradi pawepo ultrasaundi, kipimo sahihi cha dawa na mkono uliofunzwa.