Nyandusi Akamzaa Nyachae: Jina la Familia Lilivyoingia Gusii

Chifu Musa Nyandusi alivuma Nyaribari, huko Gusii nchini Kenya, enzi za mkoloni. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka wa 1932, hakuitwa Nyandusi. Aliitwa Simeon Nyachae, akawa mkuu wa mkoa, kisha waziri wa fedha, na mwaka wa 2002 akawania urais kwa tiketi ya chama cha FORD-People akamaliza wa tatu. Watoto wa Simeon nao wakaitwa Nyachae. Charles, wakili aliyeongoza Tume ya Utekelezaji wa Katiba, anajulikana kwa jina la baba yake. La babu halisikiki tena. Jina lilibadilika kati ya chifu na mwanawe, halafu likaganda.

Kwa desturi ya Abagusii, yaani Wakisii, mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufariki. Mzee akifa, jina lake hurudi nyumbani kupitia kitukuu, mpwa au mjukuu, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Wala hilo halikumsumbua mtu. Aliyetaka kukujua aliuliza baba yako ni nani na ukoo wako ni upi.

Mkoloni alitaka kingine. Karani wa kodi alihitaji jina la kuandika daftarini, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wanaume wakavishwa shingoni kipande, kitambulisho cha mkoloni. Wamisionari, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa, wakaleta majina ya ubatizo: Musa, Simeon, Zakaria. Polepole jina la baba likageuka la familia. Ndivyo ilivyokuwa Hispania pia: jina Fernández lilianza kwa maana ya mwana wa Fernando, hadi wajukuu wasio na baba Fernando wakalirithi.

Siasa ya Kisii ina mfano mwingine. Zachary Onyonka aliingia bungeni mwaka wa 1969, akawa waziri. Mwanawe Richard Onyonka sasa ni seneta wa Kaunti ya Kisii. Hapo jina limefanya kazi ya bendera, na mpiga kura analitambua bila kuelezwa.

Lakini jina la familia halichukui nafasi ya ukoo. Jina moja laweza kupatikana Bobasi na pia Nyamira kule Mugirango, bila undugu wowote. Vijana wakitaka kuoana, wazee huuliza ukoo kwanza, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani. Penye urithi wa shamba ndipo mambo huwa magumu: hati ina jina la babu, wajukuu wana jina jingine, na mahakama hutaka barua ya chifu kuthibitisha nani ni wa nani.

Kwa hiyo, msomaji wa Kisii na Nyamira, kaa na nyanya au babu yako wiki hii. Andika majina ya vizazi vyote anavyokumbuka, pamoja na ukoo wa kila mama aliyeolewa katika boma lenu.