Kutoka Asian Quarters hadi Kituo cha Muthoni: Jinsi Katikati ya Nyeri Ilivyobadilika

Kituo cha matatu cha Field Marshal Muthoni mjini Nyeri kimejengwa mahali ambapo wenyeji bado huita Asian Quarters. Jina la zamani ni la mtaa uliotengewa watu kwa rangi yao. Jipya ni la Muthoni Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyetoka msituni baada ya uhuru wa 1963. Kati ya majina hayo mawili kuna historia ndefu ya watu waliotafuta nafasi katika mji wao wenyewe.

Nyeri ilizaliwa vitani. Mwaka 1902 kikosi cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, akiwemo ofisa Richard Meinertzhagen, kiliwashambulia Wakikuyu wa Tetu na kuacha boma karibu na kilima cha Nyeri. Boma likavuta askari, wapagazi na wenye maduka. Serikali ya kikoloni ikagawa makazi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kando, katika mitaa kama Majengo, ambako Kiswahili na Uislamu vilipata makao. Mwafrika aliyeingia mjini kufanya kazi alivaa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, mlango ulizidi kubana. Mkikuyu hakusafiri bila kibali, na kuanzia 1954 familia za vijijini zilihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mashamba yakapimwa na kugawanywa upya wakati wengi wakiwa kizuizini. Waliorudi wakakuta hawana pa kulima, na wengine wao wakashukia mijini. Mitaa ya vibanda ya Kiawara na Witemere haiwezi kuelezwa bila kutaja watu wa aina hiyo, waliokosa shamba na kujaribu bahati kando ya soko.

Uhuru ulibadilisha sura ya barabara. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyehukumiwa kifo hapa Nyeri Novemba 1956, akapewa Kimathi Way. Gakere wa Ngunju, aliyeongoza upinzani wa Tetu, akapata Gakere Road. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, Wahindi wengi wakauza maduka na kuondoka. Waafrika wakaingia mbele ya kaunta.

Lakini si wote walioingia. Anayemiliki jengo amepata mji. Mama mboga na mchuuzi wa mitumba bado wanauomba. Ndiyo maana uboreshaji wa leo unahitaji kutazamwa kwa makini. Mpango wa kitaifa wa KISIP, wa kuboresha makazi duni, ulioanza 2011 kwa msaada wa Benki ya Dunia, uliiweka Nyeri miongoni mwa manispaa 15. Ulilenga barabara, mitaro, taa na hati za ardhi katika mitaa ya mabanda. Hati ndiyo nguzo ya mpango wa namna hiyo. Taa ikiwaka na mitaro ikichimbwa, kodi hupanda, na asiye na karatasi ndiye wa kwanza kufungasha.

Mji jirani wa Nanyuki nao unapitia hali inayofanana. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea Desemba 2020, baada ya reli kukaa miaka mingi bila abiria. Wageni na wanunuzi wa viwanja wameongezeka, na thamani ya ardhi hupanda pale mji unapofikika kwa urahisi.

Kituo cha Muthoni nacho kinatukumbusha kwamba kuhamisha steji ni kuhamisha riziki. Mwenye kioski cha chai hutegemea abiria anayesubiri gari. Steji ikienda, wateja wameenda nayo. Kwa hiyo serikali za kaunti za ukanda huu zianze kila mradi kwa kuorodhesha wanaouza na wanaopanga mahali hapo, ziwape nafasi za kwanza katika jengo jipya kwa ada wanayoimudu, na zikamilishe hati za mitaa kongwe kabla ya lami. Jina la Muthoni lina uzito. Kituo hicho kitalistahili pale tu watu aliowapigania watakapobaki humo.