Ifahamu Taaluma ya Kuongoza Watalii Mlima Kilimanjaro

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hupandwa na maelfu ya watalii kila mwaka. Kwa mujibu wa taratibu za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), mtalii haruhusiwi kuupanda bila mwongoza watalii mwenye leseni. Takwa hilo linaonesha kuwa kazi hii ni ya kulinda uhai kwanza, na kuonesha njia baadaye.

Waongozaji wengi huanza wakiwa wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Katika kazi hiyo hujifunza njia, hali ya hewa na maisha ya kambini, kisha hupanda na kuwa waongozaji wasaidizi na hatimaye waongozaji wakuu. Wengine hupitia vyuo, kikiwemo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya mlima huo. Hata hivyo, cheti hakichukui nafasi ya uzoefu, wala uzoefu hauchukui nafasi ya mafunzo.

Somo lenye uzito zaidi ni athari za mwinuko. Kileleni, kila pumzi humpa mtu takribani nusu ya oksijeni anayoipata pwani. Kwa watumiaji wa njia ya Marangu, vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo vimepishana kwa takribani mita 1,000 kila kimoja, hivyo siku ya ziada Horombo husaidia mwili kuzoea. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni dalili za mwanzo. Kuchanganyikiwa, kuyumba au kukosa pumzi mtu akiwa amepumzika ni dalili za hatari. Mwongozaji humtaka mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, hateremshwi kesho asubuhi, huteremshwa saa hiyo hiyo.

Somo la pili ni barafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kuwa takribani asilimia 85 ya barafu iliyofunika mlima mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Barafu inaporudi nyuma, huachia mawe iliyoyashikilia. Januari 2006, maporomoko ya mawe katika njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, yaliua wapanda mlima watatu kutoka Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Kwa sababu hiyo, mwongozaji hapaswi kutegemea kumbukumbu ya miaka iliyopita pekee. Ni lazima ausome mlima upya kila msimu.

Mafunzo yote hayo hupimwa katika uamuzi mmoja: kumwambia mgeni aliyelipa gharama kubwa, aliyebakiza saa chache kufika kileleni, kwamba safari yake imeishia hapo. Mgeni anaweza kukasirika na bahashishi ikapotea, lakini mwongozaji anayejua wajibu wake hushikilia uamuzi huo.

Wananchi, hususan vijana, wanaokusudia kuingia katika taaluma hii wanashauriwa kufuatilia sifa na taratibu za leseni katika ofisi za KINAPA zilizopo Marangu, mkoani Kilimanjaro.