Majina yasiyorithiwa: asili na kuenea kwake
Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ndugu wa tumbo moja mara nyingi hutofautiana majina. Kwa desturi ya Warundi na Wanyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Nshimirimana humaanisha "namshukuru Mungu". Hakizimana, "Mungu ndiye aponyaye". Kwa hiyo, wenye jina moja waweza kuishi Bujumbura, Kashojwa au Mbarara bila kuwa na udugu wowote. Kwa mkimbizi, jambo hili ni zito: afisa wa ng'ambo aliyezoea majina ya ukoo aweza kudhani kwamba mtoto na baba yake hawahusiani. Hapo hati ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi wote wawili huwa ushahidi muhimu.