Taa Inazunguka Usiku Kucha, Mbona Waya Haukatiki?

Funga balbu kwenye waya, ining'inize, halafu izungushe. Raundi ya kwanza hakuna shida. Ya kumi waya umeshajisokota kama kamba ya ukili. Ukiendelea, kitu kitakatika tu, na kama waya huo umebeba umeme wa ukutani, hapo unazungumzia shoti na pengine moto. Sasa wewe unayetaka kutengeneza taa ya kuzunguka, iwe ya ukumbi wa harusi, ya tangazo la duka au ya mapambo sebuleni, umeme utaufikishaje kwenye kitu kisichotulia?

Kwanza jiulize: kwani ni lazima taa yenyewe izunguke? Mara nyingi wala si lazima. Ule mpira wa vioo wa disko hauna umeme ndani. Mota ndogo juu yake inauzungusha taratibu, mwanga unatoka kwenye taa zilizofungwa pembeni. Vimulimuli vya zamani vya magari ya polisi ni hivyohivyo: balbu imetulia, kinachozunguka ni kioo nyuma yake. Hata mwaka 1823, lenzi ya Mfaransa Augustin Fresnel ilipowekwa kwenye mnara wa Cordouan kuongoza meli, kilichozunguka ni vioo. Taa ya mafuta ilikaa kimya katikati.

Na feni ya dari yenye taa chini? Pale mhimili wa katikati hauzunguki kabisa. Ganda la mota na mapanga ndivyo vinavyozunguka. Mhimili una tundu kama bomba, waya wa taa unapita humo bila kuguswa.

Kama taa inageuka kiasi halafu inarudi, waya laini wenye urefu wa ziada unatosha. Taa nyingi za jukwaani zinazogeuza kichwa huishia nyuzi 540, yaani raundi moja na nusu, kisha hurudi zilikotoka. Usukani wa gari nao una utepe uliokunjwa ndani kama springi ya saa, ndiyo maana honi inalia hata ukiwa umekata kona.

Lakini ukitaka taa izunguke upande mmoja bila kikomo, hapo unahitaji slipu ringi. Ni pete za shaba zinazozunguka na mhimili, na juu ya kila pete kuna brashi iliyosimama inayoigusa muda wote. Umeme unapita kwenye mguso huo. Fundi wa magari anazijua vizuri, maana alteneta nyingi zinazo: pete mbili na brashi mbili za kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota.

Siku hizi zinauzwa ndogo, zimefungwa tayari, unene kama wa kidole gumba, waya zinatoka huku na huku. Nyingi za saizi hiyo hubeba ampea 2 kwa kila waya, na hapo ndipo watu wanapoungua. Chukua taa ya LED ya wati 36. Ukiilisha kwa volti 12 inakula ampea 3, umeshazidisha. Ilishe kwa volti 24, inakula ampea 1.5, uko salama. Kama taa uliyonayo ni ya volti 12, gawa mzigo: pete mbili kwa chanya, mbili kwa hasi.

Adapta iache juu darini, upande usiozunguka. Hivyo kinachopita kwenye pete ni volti 24, si 230. Kujitengenezea pete za bomba la shaba na kuzipitishia umeme wa ukutani ni kucheza na maiti yako, samahani kwa lugha. Brashi iko wazi, vumbi la kaboni linapitisha umeme, na mtu anayepanda ngazi kufuta vumbi hajui kwamba chuma anachoshika kina moto. Kama hakuna njia ila kupeleka umeme mkubwa, nunua iliyotengenezwa kwa volti hiyo, iwe na pete ya peke yake ya waya wa ethi, na umwachie fundi mwenye leseni.

Kosa jingine: kuning'iniza taa kwenye slipu ringi yenyewe. Hiyo siyo beringi. Uzito wote ubebwe na beringi na mhimili, slipu ringi ikae katikati ikipitisha umeme tu. Upande mmoja ufunge imara, ule mwingine uzuie usizunguke lakini uuachie nafasi kidogo ya kucheza, la sivyo utavunjika ndani ya muda mfupi.

LED zina haraka. Brashi ikiruka hata kidogo, jicho linaona mpepeso. Kapasita iliyofungwa upande unaozunguka, karibu na taa, hufunika mapengo hayo madogo.

Na taa ikianza kuzimika kila inapofika upande uleule, usikimbilie kununua balbu. Zima umeme kwanza. Kama pete zinafunguka, tafuta doa jeusi kwenye shaba, lifute kwa kitambaa kikavu, halafu angalia brashi imebaki na urefu gani. Kama ni ile iliyofungwa kiwandani haifunguki, itoe uweke mpya.