Sindano ya Unguja: Historia ya Mifarishi, Foronya na Vitambaa vya Meza Vilivyoshonwa Kuwa Hidaya

Historia ya nguo katika kisiwa cha Unguja, kama ilivyokwisha kuandikwa hadi leo, ni historia ya wafanyabiashara. Tunajua, kwa kuwa mabalozi na makarani walikuwa na madaftari na wasaa wa kuyajaza, kwamba Sayyid Said bin Sultan alifunga mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833; kwamba balozi wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mtu wa bandari ya Salem, alifika Unguja mwaka 1837; na kwamba badala ya pembe za ndovu na sandarusi zilizotoka hapa yaliletwa majora kwa majora ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambacho watu wetu walikiita marekani. Tunajua hata kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, vilivyodumu kutoka mwaka 1861 hadi 1865, viliipunguza mno bidhaa hiyo, ikaingia mahali pake nguo ya Bara Hindi na ya Uingereza. Lakini jora likiisha kutozwa ushuru, likanunuliwa, likakatwa, likavushwa kizingiti na kufikishwa uani kwa wanawake, habari zake hukoma ghafula, ilhali hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kazi hiyo ilikuwa ya sindano, na aghalabu haikukusudiwa kuuzwa. Mfarishi aliotandikiwa bibi harusi, jozi ya foronya zilizodariziwa na shangazi, kitambaa cha kufunikia sinia ya futari inayopelekwa kwa jirani, kitambaa cha meza kilichofumwa na wifi kwa ajili ya wifi yake, vyote hivi vilikuwa hidaya. Na hidaya haina risiti wala haifiki forodhani. Kwa sababu hiyo mtafiti anayefuata karatasi peke yake atapita mbele ya kasha lililojaa ushahidi asilifungue.

Shahidi wa kwanza aliyetuachia maandishi kutoka ndani ya nyumba ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaikanusha kwa bidii dhana ya Wazungu ya kwamba wanawake wa majumba ya Kiarabu walishinda siku kutwa hawana la kufanya, na miongoni mwa hoja zake ni kazi ya mikono: anaeleza jinsi mabibi walivyodarizi mavazi yao kwa nyuzi za dhahabu, na mavazi ya waume na watoto wao kwa hariri. Twapaswa kumsoma kwa uangalifu, maana aliandika habari za kasri na si za kibanda, na mikono mingi iliyofanya kazi katika majumba hayo ilikuwa mikono ya watumwa ambao majina yao hakuyataja mtu. Hata hivyo ushahidi wake una thamani kubwa, kwa kuwa unathibitisha kwamba ufundi huu ulikuwa umekomaa visiwani kabla ya cherehani kuenea na kabla ya mwalimu yeyote wa kigeni kufungua darasa la ushonaji.

Darasa la namna hiyo lilikuja Mbweni. Misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza ilinunua shamba huko mwaka 1871, na baada ya miaka michache wasichana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa wakawekwa hapo katika shule ambayo Caroline Thackeray alianza kuiongoza mwaka 1877. Pamoja na kusoma na kuandika walifundishwa kushona, ili wapate kujitunza. Miaka 50 baada ya Bibi Thackeray kuishika kazi hiyo, yaani mwaka 1927, serikali ilifungua mjini shule yake ya kwanza ya wasichana, na wazazi waliosita kuwatoa binti zao nje ya nyumba walipata faraja kuona kwamba dini, mapishi na ushonaji vilikuwamo katika masomo. Nadhani ushonaji ulifanya zaidi ya kuwafariji. Msichana aliyekuwa akijua darizi ya nyumbani kwao peke yake, sasa alikaa dawati moja na msichana wa mtaa mwingine mwenye darizi nyingine, wakaibiana mifano, na kila mmoja akarudi kwao na kitu kipya cha kumwonyesha bibi yake.

Yafaa hapa kukumbuka riwaya inayosimuliwa Unguja na Mombasa, kila mji ukidai ni yake, kuhusu asili ya kanga. Mwishoni mwa karne ya 19 leso za mraba zilizochapwa rangi ziliuzwa zikiwa zimeungana katika jora. Wanawake wa pwani, badala ya kununua leso moja moja, walikatiwa kipande cha leso tatu na kipande kingine cha leso tatu, wakaviunganisha kwa mshono mmoja wa urefu, wakapata vazi la leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa kipimo kile kile. Kama riwaya hii ni kweli, nami sina sababu ya kuikataa, basi nguo inayotutambulisha ulimwenguni ilianza kwa sindano ya mwanamke, na kiwanda kikaja kumfuata.

Na kanga yenyewe, ikiisha kuchakaa, hurudi chini ya sindano. Kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa ni nguo isiyo na mfano kwa ngozi ya mtoto mchanga, na ndiyo maana bibi anayesubiri mjukuu hukusanya kanga zake za zamani, akazilaza moja juu ya moja, akazipiga bandi za karibu karibu kutoka upindo hadi upindo, akapata malalio mepesi ya kumpokelea mgeni. Mfarishi wa watu wazima hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa huongezwa pamba au sufi katikati. Nao haukuhitaji kuwa mzito, kwani baridi ya Unguja ni ya masika na kipupwe, haina makali ya kumtesa mtu. Uzuri wake ulitafutwa juu, katika vipande vya rangi vilivyochaguliwa na kupangwa.

Mifarishi ya viraka haishonwi kwetu peke yetu. Katika wilaya ya Uttara Kannada, katika jimbo la Karnataka huko Bara Hindi, wanaishi Masidi, watu ambao wahenga wao walivushwa bahari kutoka Afrika, wengi wao wakipitia Goa katika zama za Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi: huanza pembeni na kwenda kwa bandi kuzunguka hadi katikati, na wakifika mwisho hutia katika kila pembe viraka vidogo vilivyokunjwa, wanavyoviita maua, ambavyo bila ya hivyo mfarishi huhesabiwa kuwa u uchi. Sidai kwamba ufundi huu ulitoka Unguja, maana kuunganisha nguo kuukuu ni desturi ya Bara Hindi nzima, na Wahindi wa Kachi waliohamia kwetu walikuja nayo. Ninachosema ni kwamba bahari hii imepitisha sindano pande zote mbili, na hatuna haki ya kuandika historia ya ushonaji wa pwani yetu kana kwamba iliishia ufukweni.

Sasa tuje kwenye harusi, ambayo ndiyo mahakama ya ufundi huu. Harusi ya Unguja ina siku zake saba za fungate, ina somo wa kumwongoza mwari, na ina chumba. Chumba hiki hutazamwa. Wanawake wa pande mbili huingia, wakakaa, wakanywa sharubati, na macho yao yakapita juu ya samadari, juu ya chandalua, juu ya mito, na hakuna asiyejua kusoma anachokiona. Foronya zilizodariziwa asumini kwa uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, kazi inayochosha macho kuliko zote, husema kwamba kuna mtu aliyekaa miezi akimfikiri bibi harusi huyu. Foronya yenye maneno, kama «Lala salama» au «Usiku mwema», husema jambo jingine, na wazee hutabasamu. Shuka hufukizwa udi kabla ya kutandikwa, huwekewa vikuba vya asumini na mrehani, na maua ya uzi hukaa bega kwa bega na maua ya mti. Mavyaa akiipindua foronya na kutazama upande wa ndani, kama nyuzi zimefungwa vizuri au zimeachwa zikining'inia, hakuna anayemwona kuwa amekosa adabu. Anamtazama aliyeshona, na kwa kumtazama aliyeshona anautazama ukoo.

Hidaya hizi zilikuwa na hesabu yake, ingawa haikuandikwa. Aliyedariziwa foronya alipoolewa alijua kwamba binti wa aliyemdarizia atakapoolewa naye atanyoosha mkono. Na deni hilo halikudaiwa kwa mdomo, wala halikusahauliwa. Kwa njia hiyo vitambaa vilizifunga nyumba za mtaa mmoja kwa vizazi viwili na vitatu. Kofia za kazi ya mkono zilikwenda katika njia hiyo hiyo, kwani mke alimshonea mume na dada alimshonea kaka. Na kofia hizo zilivuka hadi Oman, ambako kumma inayovaliwa Maskati leo ni ndugu wa damu wa kofia ya Unguja.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliubadilisha ushonaji kwa njia ambayo sijaona mtu akiitaja, yaani kwa kuibadilisha nyumba. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuijenga Ng'ambo upya. Ramani ya mji ilichorwa mwaka 1968 na mtaalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki, Hubert Scholz. Na katika miaka ya 1970 yakainuka Michenzani magorofa kumi, mengine yakikaribia urefu wa mita 300, yamepangwa kandokando ya njia mbili pana zinazokatana katika mzunguko mmoja. Watu waliotoka katika nyumba za miti na udongo waliingia katika nyumba za saruji zenye maji, umeme na jiko la ndani, na wengi waliona, kwa haki, kwamba wametukuzwa.

Lakini magorofa hayana ua. Ua ndio uliokuwa darasa: hapo bibi, mama na mwana walikaa juu ya jamvi baada ya adhuhuri, huyu anachambua mchele, huyu anasuka ukili, huyu anadarizi, na mtoto akajifunza kwa kutazama bila ya kuambiwa kaa ujifunze. Ghorofa ya tano mshonaji hukaa peke yake dirishani penye mwanga, au hushuka na kazi yake hadi chini ya jengo kumtafuta mwenziwe. Wakati huo huo magorofa yalileta sebule, na sebule ikaleta makochi, meza ndogo ya katikati, kabati la vyombo, redio, na hatimaye televisheni. Na kila kimoja kikahitaji kuvikwa. Zamani watu wetu walikula juu ya mkeka, chakula kikafunikwa kwa kawa, na kitambaa cha meza kilikuwa mapambo ya wachache. Sasa kikawa hitaji la kila nyumba. Vitambaa vya kufuma kwa uzi mweupe vikaenea juu ya migongo ya makochi, juu ya meza na juu ya redio, na vile vidogo vya kufunikia jagi la maziwa vikatiwa shanga ukingoni ili upepo usivipeperushe. Jambo hili lilitokea katika miaka ambayo bidhaa za nje zilikuwa adimu na nguo ikipatikana kwa kupanga foleni, hata shuka lililochakaa pembeni likakatwa kuwa foronya, na kanga iliyotoboka ikaingizwa ndani ya mfarishi. Katika historia yote ya ushonaji wa Unguja, miaka hiyo ndiyo ninayoistahi zaidi, kwa kuwa watu walikuwa na kidogo na bado walipeana.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, shuka za seti zilizoshonwa viwandani ziliingia kutoka Dubai, kisha kutoka China. Wengi walitabiri mwisho wa sindano, na utabiri huo haukutimia kama walivyoutoa. Katika mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, kikundi cha wanawake cha Sasik hushona matakia na vifuniko vya vitanda kwa kubandika nguo juu ya nguo, wakifuata nakshi za milango na kuta za mji wetu, na wageni hununua. Nafurahi kwamba mwanamke anapata riziki kwa mikono yake, kwani sifa tupu haijawahi kumlisha mtu. Wala sina ugomvi na cherehani la umeme linalodarizi waridi kwa dakika chache, maana sanaa hii imepokea kila chombo kilicholetwa gatini tangu zama za marekani.

Jambo linalonitia wasiwasi ni la namna nyingine. Kitambaa kikinunuliwa hakimtaji aliyekitengeneza. Mnunuzi hajui mshonaji alimshonea nani wala kwa harusi ipi, na mifano iliyokuwa na majina katika vinywa vya bibi zetu inabaki michoro isiyo na jina. Majina hayo yangali yanaweza kukusanywa. Wako Michenzani, Kikwajuni na Mlandege wanawake watu wazima ambao wakiwekewa foronya mapajani watasema ni darizi gani, ya nani, na ilifundishwa uani kwa nani; na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawangehitaji safari ndefu kuwafikia. Kwa sasa kazi ya cherehani hupatikana Darajani na Mchangani kwa seti, siku yoyote mtu aitakapo, na kazi ya mkono huagizwa kwa mdomo, jirani akimwambia jirani, miezi kadhaa kabla ya harusi.